Hazionani, Hazifikiki, Hazisikilizani: Tahakiki ya Lugha ya Mtandao wa Nyumbani Mjini Lubumbashi

1.0 Utangulizi

Katika nyumba za Lubumbashi zenye kompyuta zaidi ya moja, kuna malalamiko yanayosikika mara kwa mara. Kompyuta ya mezani imefungiwa printa. Ile ya mkononi iko chumba cha pili. Faili la tasnifu liko katika moja na linatakiwa katika nyingine. Mwenye nyumba anazifungua zote mbili, anatazama mahali ambapo kila mashine inapaswa kuorodhesha wenzake, na haoni kitu. Hapo husemwa neno moja tu: hazionani. Baada ya neno hilo, faili hubebwa kwa flashi, pamoja na virusi vyote vilivyomo, au mashine nzima hupelekwa kwa fundi ambaye hufuta kila kitu na kuanza upya.

Makala haya yanakusudia kuchunguza malalamiko hayo kama kauli ya lugha kabla ya kuyachunguza kama hitilafu ya mashine. Hoja inayotetewa ni kwamba sehemu kubwa ya ugumu wa kuondoa hitilafu hii hutokana na namna inavyosemwa. Aidha, makala yanadai kwamba kazi ya kuunda istilahi za kompyuta katika Kiswahili, pamoja na mafanikio yake yote, imeshughulikia zaidi majina ya vitu kuliko vitenzi vya mahusiano baina ya vitu hivyo. Na hitilafu ya mtandao si kitu, bali ni uhusiano uliovunjika. Mwisho, itaonyeshwa kwamba Kiswahili, kikiwemo kile cha Lubumbashi ambacho mara nyingi hudharauliwa, kina nyenzo za kutosha za kuueleza uhusiano huo, na kwamba nyenzo hizo zimo katika mnyambuliko wa vitenzi.

2.0 Nomino zilizopatikana, vitenzi vilivyosahauliwa

Historia ya istilahi za kompyuta katika Kiswahili inajulikana kwa wasomaji wengi. Kwa miaka mingi mjadala ulizunguka swali la jina la mashine yenyewe. Tanzania ilishika kompyuta. Kenya, hasa katika vitabu vya shule, ilieneza tarakilishi. Na wapo waliopendekeza ngamizi. Baadaye yalikuja maneno ambayo leo yamekubalika kwa upana: mtandao, tovuti, barua pepe, nywila. Mwaka 2004, mradi uliokuwa na makao yake katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi yenye kiolesura cha Kiswahili. Katikati ya muongo huo huo, Microsoft nayo ilitoa Windows na Office zenye sura ya Kiswahili. Hizo ni kazi za kupongezwa, na hakuna anayeweza kusema tena kwamba Kiswahili hakina maneno ya kompyuta.

Hata hivyo, mtu akizitazama orodha za istilahi kwa jicho la kihakiki ataona zinavyoelemea upande mmoja. Zimejaa nomino. Palipo na kitenzi, mara nyingi ni kitenzi cha amri anayopewa mtumiaji: hifadhi, futa, chapisha, funga. Amri hizo ni za mtu kwa mashine yake. Mtandao ni mambo ya mashine kwa mashine, na hapo orodha hunyamaza. Mtumiaji anajua jina la kila kifaa kilicho mezani pake, lakini hana njia ya kawaida ya kusema kwamba kifaa hiki kinakifikia kile ila hakiruhusiwi kuingia, au kwamba kinamjua mwenzake kwa namba ila si kwa jina. Kwa kukosa njia hiyo, hali tano au sita zilizo tofauti kabisa hutupwa katika kapu moja la hazionani.

Mjini Lubumbashi jambo hili lina sura yake. Kiswahili cha hapa kilikulia katika mji ulioanzishwa mwaka 1910 kwa ajili ya shaba, miongoni mwa wafanyakazi waliotoka sehemu nyingi na waliokuwa na lugha nyingi. Hakikuanza kwa sanifu ya pwani, wala hakikusimamiwa na vyombo vilivyosanifisha Kiswahili cha Afrika Mashariki tangu mwaka 1930. Katika mambo ya ufundi, msemaji huchukua nomino kutoka Kifaransa: ordinateur, réseau, câble, mot de passe. Kisha huzifunga pamoja kwa vitenzi vya Kiswahili. Wapo wanaoona hali hiyo kuwa ni umaskini. Makala haya yanaichukulia kinyume. Ikiwa nomino ni za kuazima na vitenzi ni vya wenyewe, basi kazi nzito ya kueleza nini kinamfanyia nani nini imekwisha kubaki mikononi mwa Kiswahili. Kinachokosekana ni kuitambua kazi hiyo na kuifanya kwa makini.

3.0 Mtandao: neno moja, mambo matatu

Kabla ya kufika kwenye vitenzi, inafaa kulihakiki jina moja ambalo mafanikio yake yamezaa matatizo. Jina hilo ni mtandao. Leo neno hilo linabeba angalau maana tatu. Kwanza, ni kampuni ya simu na mawimbi yake: mtandao upo au haupo. Pili, ni intaneti: habari imesomwa mtandaoni. Tatu, ni kundi dogo la mashine zilizounganishwa ndani ya nyumba au ofisi. Neno rezo la mjini Lubumbashi, lililotokana na Kifaransa, lina mzigo huo huo. Huweza kumaanisha alama za mawimbi juu ya kioo cha simu, na huweza kumaanisha waya unaotoka sebuleni hadi chumbani.

Madhara ya wingi huo wa maana si ya kinadharia tu. Chukua nyumba ambamo kompyuta moja inapata intaneti kwa kimodemu cha kampuni moja ya simu, na ya pili inapata kwa simu ya mkononi inayogawa mawimbi ya kampuni nyingine. Fundi anauliza kama mtandao upo. Jibu ni ndiyo kwa pande zote mbili, na jibu hilo ni la kweli: kila moja inafungua kurasa na kupokea barua. Lakini kwa maana ya tatu ya neno hilo, mtandao haupo kabisa. Mashine hizo mbili zinakaa meza moja na bado ziko katika nyumba mbili tofauti, kila moja ikiwa na mlango wake. Hakuna marekebisho yoyote ndani ya Windows yatakayozikutanisha. Dawa ni kuzipeleka zote kwenye ruta moja, hata kama ruta hiyo haina intaneti, kwa sababu mtandao wa nyumbani hauhitaji intaneti ili ufanye kazi. Sentensi hii ya mwisho huwashangaza wengi, na chanzo cha mshangao huo ni neno lenyewe.

Kipimo cha jambo hili ni rahisi na hakidai utaalamu. Kila mashine ina anwani ya namba nne. Namba za nyumbani hutoka katika mafungu yaliyotengwa kwa matumizi ya ndani, na ambayo yaliwekwa bayana katika waraka wa kiufundi wa mwaka 1996. Lile linaloonekana zaidi majumbani huanza kwa 192.168. Kwa mpangilio wa kawaida wa ruta ya nyumbani, namba tatu za kwanza zikilingana, mashine zimo katika nyumba moja. Ikiwa moja ni 192.168.1.5 na nyingine ni 192.168.0.7, ziko katika mitandao miwili. Ikiwa moja inaanza kwa 169.254, maana yake ni kwamba haikupewa anwani na ruta, ikajipachika yenyewe. Hiyo haijafika hata mlangoni.

Kwa hiyo inapendekezwa kwamba katika mafunzo na maandishi, intaneti ibaki intaneti, mtandao wa simu uitwe hivyo kwa ukamilifu, na mtandao wa ndani utajwe kwa jina hilo. Swali la kwanza la fundi lisiwe “mtandao upo?” bali “mashine hizi zimeungana wapi?”

4.0 Nani hamwoni nani?

Tuje sasa kwenye kitenzi chenyewe. Kiambishi -an- katika kuonana ni cha kutendana: wa kwanza anamwona wa pili na wa pili anamwona wa kwanza. Kauli hiyo ikiwa yakinishi, haina utata: zinaonana maana yake pande zote mbili zinaona. Utata huzuka inapokanushwa. Hazionani ni kauli ya kweli ikiwa hakuna inayoiona nyingine. Ni ya kweli pia ikiwa ya kwanza inaiona ya pili na ya pili haiioni ya kwanza. Na ni ya kweli katika hali iliyogeuzwa. Kanushi moja, hali tatu. Msemaji anayelalamika huwa na hali moja akilini, na msikilizaji hupokea nyingine.

Tofauti hiyo ndiyo moyo wa uchunguzi wote. Katika mfumo wa Windows wa leo, kuona na kuonekana ni kazi mbili zinazofanywa na huduma mbili tofauti. Ipo huduma inayotafuta wenzake, na ipo nyingine inayoitangaza mashine yenyewe kwa wenzake. Huduma ya kutangaza ikiwa imelala, mashine itawaona wote na haitaonekana na yeyote. Mtumiaji aliyeketi mbele yake hatatambua lolote, kwa kuwa kioo chake kimejaa majina. Atakwenda kuilaumu na kuitengeneza ile nyingine, ambayo haina kosa. Kiswahili kinasema jambo hili kwa maneno mawili yaliyo wazi: inaona, haionekani. Anayetafutwa ndiye aliyejificha, na ndiye wa kuchunguzwa kwanza.

Hapa inafaa kuilinganisha lugha ya kioo. Katika Windows ya Kifaransa, ambayo ndiyo hutumika zaidi mjini Lubumbashi, chaguo linalohusika huitwa kwa nomino, découverte, yaani ugunduzi. Nomino hiyo haisemi nani anagundua na nani anagunduliwa, na kwa kweli chaguo hilo hutawala mambo yote mawili kwa pamoja. Wanaodai kwamba Kifaransa kinatosha kwa sababu kimo tayari katika mashine hawana budi kulitazama neno hilo kwa makini. Nomino ya Kifaransa imeficha mwelekeo. Kitenzi cha Kiswahili kinalazimika kuutaja. Anayelieleza chaguo hilo kwa Kiswahili atajikuta akisema: “ukiliwasha, mashine itawaona wengine na itaonekana nao.” Maelezo hayo ni bora kuliko jina analolieleza.

Chaguo hilo hufungamana na jingine linaloleta mkanganyiko mkubwa: mtandao ukitambulishwa kwa mashine kuwa ni wa umma, mashine hujificha, ukitambulishwa kuwa ni wa faragha, hujitokeza. Mwanafunzi aliyezoea kufungua kompyuta yake chuoni au hotelini, akachagua hali ya umma kwa usalama, akirudi nyumbani na kuchagua hivyo hivyo kwa mazoea, ameifunika mashine yake shuka ndani ya chumba chake mwenyewe. Hali ya faragha ndiyo inayoruhusu kuonana, na hali ya umma ndiyo inayozuia. Kwa sikio la Kiswahili jambo hili limepinduka: faragha ni mahali pa kujificha. Mpinduko huo unatokana na mantiki ya watengenezaji, kwamba nyumbani ni mahali pa kuaminiana. Anayefundisha hana budi kuutaja waziwazi, kwani mwanafunzi akiufuata mwongozo wa lugha yake peke yake, atachagua kinyume.

Neno mgeni nalo limo katika mkumbo huo. Ruta nyingi hutoa mtandao wa pili kwa ajili ya wageni. Katika desturi zetu, mgeni ndiye anayekaribishwa sebuleni na kutambulishwa kwa kila mtu. Katika desturi za ruta, mgeni hupewa intaneti peke yake na kwa kawaida hazuiwi tu kuwaona wenyeji, bali mara nyingi hata wageni wenzake. Simu au kompyuta ya nyumbani ikiingizwa kwa bahati mbaya katika mtandao wa wageni, itafanya kila kitu isipokuwa kukutana na wenzake.

5.0 Kuona au kusoma daftari?

Hadi hapa kitenzi kuona kimekubaliwa kama kilivyo. Uhakiki unadai kiulizwe chenyewe. Je, kompyuta huona? Jibu ni kwamba haioni kamwe. Kinachoitwa kuona ni kusikia tangazo, na kwa miaka mingi kilikuwa kusoma daftari lililoandikwa na mwingine.

Windows 95 ilipokuja, mahali pa kuwatazama wenzake katika toleo la Kifaransa paliitwa Voisinage réseau, yaani ujirani. Nyuma ya picha hiyo ya ujirani palikuwa na utaratibu ufuatao. Miongoni mwa mashine za nyumba moja, moja ilichaguliwa kwa aina ya uchaguzi ili itunze orodha ya wote. Kila mashine ilipaswa kujitangaza, kwanza kwa haraka, kisha kila baada ya dakika 12. Iliyozimwa ghafla iliendelea kubaki katika orodha mpaka ikose matangazo matatu. Kwa hiyo jirani aliyelala aliweza kuonekana kwa zaidi ya nusu saa, na jirani aliye macho aliweza kukosekana. Mfano ulio karibu ni daftari la mkuu wa mtaa: aliyehama bado ameandikwa, na aliyehamia jana hajaandikwa. Anayelisoma daftari hilo hajaona watu, ameona majina.

Utaratibu huo ulitegemea itifaki ya zamani ya kugawana mafaili, iitwayo SMB ya toleo la kwanza. Mwezi Mei 2017, virusi vya WannaCry vilienea duniani kwa kupitia kasoro katika itifaki hiyo hiyo. Baadaye mwaka huo, kuanzia toleo la 1709 la Windows 10, itifaki hiyo iliacha kuwekwa katika usakinishaji mpya, na daftari la ujirani likaondoka nayo. Tangu hapo kila mashine hujitangaza yenyewe kwa njia nyingine. Nyumba zilizochanganya mashine za zamani na mpya ziliamka na kukuta majirani wametoweka, ingawa nyaya zote zilikuwa mahali pake.

Hapa ndipo lugha huleta madhara ya kweli. Kwa kuwa kilio ni haionekani, dawa hutafutwa katika kuonekana, na mafundi wengi wamejifunza njia ya mkato: kuirudisha itifaki ya zamani, au kuuzima kabisa ukuta wa kinga, ule ambao Kifaransa huuita pare-feu. Majina yanarudi, mteja anashukuru, na nyumba inaachwa na mlango ule ule ambao virusi viliupitia mwaka 2017. Kumbe mara nyingi kilichopotea kilikuwa daftari tu. Njia ya kulithibitisha hilo ni kuliacha daftari na kwenda moja kwa moja: katika kidirisha cha mafaili huandikwa mikwaju miwili ya kinyume, kisha anwani ya namba ya mashine inayotafutwa, kwa mfano \\192.168.1.5. Mafaili yakifunguka, mashine inafikika ingawa haionekani. Hakuna cha kurekebisha isipokuwa tangazo, na hata hilo si lazima. Njia hiyo yaweza kuwekewa alama na kutumiwa kila siku.

Alama hiyo ina sharti moja ambalo wakazi wa Lubumbashi wanalielewa upesi. Umeme unapokatika na kurudi, ruta huwaka upya na yaweza kuzigawa anwani kwa mpangilio mwingine. Iliyokuwa 5 leo ni 8, na alama inaelekea mahali pasipo na mtu. Kwa hiyo ni busara kuiagiza ruta iitunzie mashine yenye printa anwani ile ile siku zote, au kuiita kwa jina badala ya namba. Jina likishindwa na namba ikifaulu, hitilafu ina jina lake jingine: inafikika, haitambuliki.

Tahadhari moja inahitajika. Wengi hupima kufikika kwa amri ya ping, ambayo hutuma salamu na kungoja jibu. Jibu likija, njia ipo. Lisipokuja, haijathibitika kwamba njia haipo, kwani ukuta wa kinga wa Windows kwa kawaida huzipuuza salamu hizo katika mtandao uliotambulishwa kuwa wa umma. Kutojibu si kutofika. Asiyeitikia hodi huenda yumo ndani.

6.0 Kusikilizana na kuruhusiana

Zipo hali mbili zaidi ambazo hazihusiani na kuona hata kidogo, na ambazo Kiswahili cha Lubumbashi kina maneno yake tayari.

Ya kwanza ni ya mashine ya zamani, kwa mfano yenye Windows XP, ikikutana na mashine mpya. Zimeungana, kila moja inafikika, namba zinalingana. Lakini ya zamani inaijua itifaki ya toleo la kwanza peke yake, na mpya haiikubali tena. Katika Kiswahili cha mji huu, watu wawili wasiopatana husemwa kwamba hawasikilizani. Si kwamba mmoja wao ni kiziwi, bali maneno ya mmoja hayapokelewi na mwingine. Neno hilo linaeleza hali ya mashine hizo kwa usahihi ambao ni vigumu kuupata katika orodha za istilahi. Hazisikilizani: hakuna kosa katika waya, hakuna kosa katika anwani, hakuna kosa katika nywila. Dawa si kumlazimisha mpya kurudia lugha ya hatari ya zamani. Ni kuibadili ya zamani au kuitafutia njia nyingine ya kupokea mafaili yake.

Ya pili ni ya ruhusa. Mashine inaonekana, inafikika, zinasikilizana, lakini mlangoni nywila inadaiwa na kukataliwa. Mara nyingi mtumiaji huandika namba fupi ya siri anayoitumia kufungulia kompyuta asubuhi, na namba hiyo haivuki mpaka wa mashine yake. Kinachodaiwa ni jina na nywila ya akaunti iliyopo katika mashine inayofikiwa. Wengine hawajaweka nywila kabisa, na Windows kwa kawaida haimruhusu mtu kuingia kutoka nje kwa akaunti isiyo na nywila. Hapo kitenzi sahihi ni haruhusiwi, na mwenye kauli ni mashine yenye mafaili. Kusema hazionani kuhusu hali hii ni kama kumwambia daktari wa macho kwamba mlango umefungwa.

Ukivipanga vitenzi hivi kwa mfuatano, unapata mwongozo kamili wa uchunguzi. Je, zimeungana mahali pamoja? Je, ile inayotafutwa inafikika kwa namba? Je, inatambulika kwa jina? Je, inaonekana, na na nani? Je, zinasikilizana? Je, anayeingia anaruhusiwa? Kila swali lina kipimo chake, na kila jibu la hapana linaelekeza mahali pamoja tu. Hakuna hata moja ya maneno hayo ambayo mkazi wa Lubumbashi hayajui au ambayo ni lazima yaundwe na kamati.

7.0 Hitimisho

Makala haya hayakukusudia kuwabeza waliounda istilahi. Bila kazi yao, hata mjadala huu usingewezekana. Yalikusudia kuonyesha kwamba orodha ya majina haijawa lugha ya kazi, na kwamba pengo hilo lina gharama: mashine nzima kufutwa bila sababu, kinga kuzimwa, tasnifu kupotea katika flashi.

Kwa upande wa Kiswahili cha Lubumbashi, funzo ni kubwa zaidi. Kiswahili hiki hulaumiwa kwa sababu upatanisho wa ngeli umepungua na maneno ya Kifaransa yamejaa. Lawama hizo zinahusu nomino na viambishi vyake. Mnyambuliko wa vitenzi umebaki hai: watu huonana, huonyeshana, husikilizana, na mambo huonekana. Sehemu ya sarufi inayohitajika ili kueleza mtandao ndiyo sehemu ambayo mji huu haukuipoteza. Katiba ya mwaka 2006 imekitambua Kiswahili kuwa mojawapo ya lugha nne za taifa, na mwaka 2022 Kongo iliingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki. Maazimio hayo yatakuwa na uzito endapo lugha itafanya kazi pale ambapo watu wana shida, kwenye meza yenye mashine mbili na printa moja.

Hatua ya kwanza haigharimu fedha. Anayefundisha kompyuta, anapoambiwa kwamba hazionani, asiguse kibao. Aulize kwanza ni ipi haiioni ipi.